Kichwa Kilichoanza Ghafla: Saa, Picha na Maji ya Mgongo

Hotuba kwa matabibu, wauguzi, wataalamu wa maabara na wa mionzi, Tabora

Ndugu mwenyekiti, waganga wafawidhi mliotoka Nzega, Igunga, Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, wauguzi, ndugu zetu wa maabara na mionzi: mwangaluka!

Mada ya leo ni kuvuja damu kuzunguka ubongo kwa mgonjwa aliyekuja kwa miguu yake akilalamika kichwa. Aliyeletwa akiwa hajitambui hatusumbui sana kiakili, kila mtu anaona kwamba hali ni mbaya. Tunayempoteza ni yule aliyekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, anaongea, anatembea, ameshika kisogo. Huyu ndiye tunaweza kumwahi, na swali la kumwahi nalo ni moja: kichwa hiki kilianza saa ngapi, na kilichukua muda gani kufika kileleni?

Tazameni kwamba sikusema "kinauma sana?" Hilo kila mgonjwa atalijibu ndiyo. Malaria huuma kichwa sana, kipandauso huuma sana. Kinachotenganisha ni mwendo wa kuanza. Kichwa cha malaria hukua pamoja na homa, kwa saa nyingi au siku. Kipandauso hupanda taratibu, kwa dakika 30, kwa saa moja, kwa saa mbili. Damu inapochomoka kwenye mshipa na kumwagika juu ya ubongo, maumivu hufika kileleni kwa sekunde, au ndani ya dakika moja. Mgonjwa atakuambia ni kama amepigwa rungu kisogoni, au kitu kimepasuka ndani. Mara nyingi atakutajia hata alichokuwa akifanya: alikuwa ananyanyua ndoo, anapakia robota la tumbaku, yuko chooni, yuko kitandani na mwenzi wake. Mtu akikumbuka tendo lenyewe, weka kalamu chini umsikilize.

Kwa nini damu hii tunaweza kuitafuta kichwani kwa picha na kiunoni kwa sindano? Ubongo umefunikwa na tabaka tatu za utando. Kati ya ile ya katikati, iliyo nyepesi kama utando wa buibui, na ile ya ndani iliyoshikana na ubongo, kuna maji ya uti wa mgongo, na mishipa mikubwa ya damu inapita humo humo. Kwa wagonjwa wasioumia, takriban 85 kati ya 100 chanzo ni aneurizimu, yaani kifuko kilichotuna kwenye ukuta wa mshipa, hasa pale mshipa unapogawanyika. Kifuko kikipasuka, damu huingia kwenye maji hayo kwa nguvu ya mshipa wa ateri, na maji ndiyo yanayoisambaza hadi chini ya mgongo.

Kupasuka kwa mara ya kwanza kukijiziba, hatari haijaisha. Kifuko hupasuka tena, na hatari hiyo ni kubwa zaidi ndani ya saa 24 za mwanzo, hasa saa 6 za kwanza. Tafiti zinaweka kiwango hicho kati ya wagonjwa 4 na 14 kwa kila 100 katika siku ya kwanza. Mpasuko wa pili huua kwa kiwango kikubwa kuliko wa kwanza. Kwa hiyo mgonjwa aliyerudishwa nyumbani na panadol tumemrudisha ndani ya dirisha hilo la hatari.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mazingira yetu. Tabora ni mkoa wa malaria. Mgonjwa wa kichwa akifika zahanati, kidole kinatobolewa, mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, inasoma mistari miwili, yaani malaria ipo, na safari ya uchunguzi inaishia hapo. Lakini kipimo kinachotumika sana kinatafuta protini ya vimelea inayobaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya mtu kupona. Tena wapo watu wazima wenye vimelea bila kuumwa. Mistari miwili haielezi kichwa kilichofika kileleni kwa sekunde tano. Mpe dawa ya malaria, sawa, kisha endelea kuuliza. Vivyo hivyo Widal, kipimo cha taifodi, iliyopanda na mkojo wenye chembe chache za usaha: "taifodi na UTI" haviangushi mtu ghafla kando ya kisima.

Mtego wa pili ni presha. Mgonjwa anafika na 200/110, tunaandika "presha imepanda, ndiyo maana kichwa kinauma". Mara nyingi ni kinyume: damu imemwagika, ubongo umeshtuka, presha ikapanda kwa sababu hiyo. Hata mapigo ya moyo yakipimwa kwa ECG yanaweza kuonyesha mabadiliko yanayofanana na shambulio la moyo. Mtego wa tatu ni nafuu. Mgonjwa akipata sindano ya maumivu na kichwa kikatulia, haina maana kwamba damu haipo. Maumivu ya kuvuja damu hupungua kwa dawa kama maumivu mengine.

Na mtego wa nne, ambao kwetu naona ni mkubwa kuliko yote, ni siku ya tatu. Shingo haikakamai papo hapo. Damu huchukua saa kadhaa kuuchokoza utando, kwa hiyo shingo laini saa mbili baada ya kuanza haimwondolei mgonjwa chochote. Akifika siku ya tatu akiwa na shingo ngumu, anatapika, anaogopa mwanga, na joto la 38, sura yake yote ni ya homa ya uti wa mgongo. Msicheleweshe seftriaksoni, antibiotiki ya homa hiyo, kwa kusubiri vipimo. Ila muulize, au muulize nduguye: siku ya kwanza ilikuwaje?

Kuna kanuni iliyotoka Ottawa, Kanada, ikachapishwa mwaka 2013, inayosaidia kuchagua nani achunguzwe. Inamhusu mtu wa miaka 16 na zaidi, mwenye fahamu timamu, hajaumia, na kichwa chake kipya kikali kilifika kileleni ndani ya saa moja. Akiwa na hata kimoja kati ya hivi, achunguzwe: umri wa miaka 40 au zaidi, shingo kuuma au kukakamaa, kupoteza fahamu kulikoshuhudiwa na mtu, kuanza akiwa kwenye kazi ya nguvu, kufika kileleni papo hapo, au kushindwa kukunja shingo unapompima. Kanuni hii haithibitishi ugonjwa, wengi watakaoangukia humo hawatakuwa na damu. Uzuri wake ni upande wa pili: asiye na hata kimoja ni salama sana kumwacha. Haimhusu mwenye upande uliolegea, aliyewahi kuwa na aneurizimu au uvimbe kichwani, wala mwenye maumivu ya kichwa yanayojirudia miezi na miezi kwa namna ile ile. Na hata kwa wenye kichwa cha radi, yaani kinachofika kileleni papo hapo, tafiti nyingi hukuta damu kwa mmoja kati ya kumi, nyingine kwa mmoja kati ya wanne. Msikate tamaa basi mkipeleka wagonjwa tisa na majibu yakarudi safi. Ndivyo kazi hii ilivyo.

Kupima shingo: mlaze chali, weka kiganja chini ya kisogo, nyanyua hadi kidevu kiguse kifua. Usimwambie akunje mwenyewe akiwa amekaa, atakudanganya bila kukusudia. Angalia kope na mboni. Kope moja likianguka, na mboni ya jicho hilo ikawa kubwa isiyosinyaa kwa tochi, kifuko huenda kinabana neva ya tatu, inayoendesha kope na mboni. Huyo ni wa dharura hata kama anacheka. Mwenye kuweza kutazama ndani ya jicho atazame, damu ndani ya jicho kwa mgonjwa wa kichwa cha ghafla ni dalili mbaya. Hesabu alama za Glasgow, kipimo cha fahamu, na uziandike kwa vipande vyake vitatu, macho, maneno na mjongeo wa viungo, sio jumla peke yake.

Twende kwenye picha. CT-Scan ya kwanza ni ya kichwa bila dawa ya mshipani. Damu mpya huonekana nyeupe mahali ambapo maji yanapaswa kuwa meusi. Katikati ya chini ya ubongo mabwawa yale ya maji huchora umbo la nyota. Nyota nyeusi ni salama, nyota nyeupe ni damu. Damu ikiwa kidogo hujificha. Mtaalamu wa mionzi aitafute kwenye mifereji ya pembeni, kati ya nusu mbili za ubongo, na kwenye pembe za nyuma za vyumba vya maji, ambako hutuama mgonjwa akiwa amelala chali. Vipande viwe vyembamba kwenye sehemu ya chini. Ukikata vinene unaruka damu ndogo. Tazama pia kama vyumba vya maji vimeanza kutanuka, maana damu huziba njia ya maji ndani ya saa chache, na mgonjwa anayezidi kusinzia huenda anaumwa hilo.

Mmesikia kwamba CT iliyopigwa ndani ya saa 6 ikiwa safi inatosha kumaliza shauri. Ni kweli, ila ina masharti, na masharti hayo yanatugusa sisi kuliko waliotunga. Utafiti mkubwa wa mwaka 2011 ulikuta CT ya ndani ya saa 6 ilimnasa kila mgonjwa, lakini baada ya saa 6 ilinasa takriban 86 tu kati ya 100. Ikifika wiki, ni kama nusu. Sharti la pili ni msomaji mwenye uzoefu. La tatu ni wingi wa damu: weupe ule unatokana na himoglobini, hivyo mgonjwa mwenye hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo seli nyekundu, chini ya 30, karibu sawa na himoglobini chini ya 10, damu yake inaweza kufanana rangi na ubongo na isionekane. Mama aliyejifungua juzi, mgonjwa wa selimundu, aliyetoka kwenye malaria kali, mwenye safura: wote hao huweza kuwa na himoglobini ndogo, na ndio tunaowapokea. Pima himoglobini kabla ya kutamka kwamba picha ni safi.

Na saa 6 zenyewe? CT-Scan zimesogea hadi hospitali za rufaa za mikoa, hilo ni jambo kubwa. Lakini mgonjwa wa Kaliua vijijini aliyeanza kuumwa usiku, akapanda bodaboda asubuhi, akapita zahanati, kisha kituo cha afya, ndipo akapata gari, hafiki mezani ndani ya saa 6. Wengi hufika siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo wakati wenzetu wa miji mikubwa ya nje wanaanza kuuacha uchunguzi wa maji ya mgongo, sisi ndio tunaouhitaji zaidi. Nitakaa hapa.

Picha ikiwa safi na imepigwa baada ya saa 6, mgonjwa achukuliwe maji ya mgongo, na yachukuliwe baada ya saa 12 tangu kichwa kilipoanza. Kwa nini 12? Seli nyekundu zikipasuka ndani ya maji hutoa himoglobini, na mwili huigeuza kuwa bilirubini, ya manjano. Kazi hiyo hufanyika ndani ya mwili wa mtu tu, haifanyiki kwenye chupa, na inahitaji saa hizo. Umanjano huo, tunaouita zantokromia, ndio unaotenganisha damu iliyovuja jana na damu iliyotoka leo kwa sindano yako kugusa mshipa. Hudumu hadi wiki mbili. Ukichukua saa 4 baada ya kuanza, utapata maji mekundu na hutaweza kuapa yametoka wapi. Ukihofia homa ya uti wa mgongo, hiyo haingoji saa 12.

Anayesinzia, mwenye upande uliolegea, mwenye neva ya macho iliyovimba, asitobolewe kabla ya picha. Mwenye chembe sahani, zile za kugandisha damu, chini ya 50,000, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, au mwenye jipu mahali pa kutoboa, naye asitobolewe. Mkiwa hospitali ya wilaya bila CT, mpigieni bingwa kwanza. Mgonjwa aliye macho kabisa asiye na dalili za upande mmoja huenda akatobolewa bila picha, lakini uamuzi huo usifanywe peke yako usiku. Na kituo cha afya kisijaribu, kisafirishe.

Mlaze ubavu, magoti kifuani, kidevu chini, mabega na nyonga vikae wima kama ubao. Mstari wa kuunganisha vilele viwili vya nyonga unapita kwenye pingili ya nne ya kiuno. Toboa juu yake au chini yake. Sindano ya namba 22 inatosha, mdomo wake uelekee juu kwa mgonjwa aliyelala ubavu ili utenganishe nyuzi za utando badala ya kuzikata. Pima mgandamizo. Kama hakuna bomba maalumu, mrija safi wa kuongezea dripu ulioshikwa wima pamoja na rula utakupa sentimita. Kawaida ya mtu mzima haizidi 25. Ikizidi, fikiria damu, lakini pia kriptokoka, fangasi wa utando wa ubongo, kwa mwenye VVU na kuganda kwa damu kwenye mishipa mikubwa ya vena kwa mama aliyejifungua karibuni, vyote huweza kuja na kichwa kikali.

Tumieni chupa nne zenye namba. Matone 20 ni karibu mililita moja. Chupa ya 1 kuhesabu seli, ya 2 protini na sukari, ya 3 kuotesha, kupaka rangi ya Gram na kipimo cha kriptokoka, ya 4 ipate matone 40, sehemu ya kuhesabu seli tena na sehemu ya kuangalia umanjano. Kosa linalotuumiza ni kukusanya kila kitu kwenye chupa moja. Ukiwa na chupa moja huwezi kujua kama damu ilikuwa inapungua.

Chupa ya 4 ifungwe kwa karatasi ya alumini au bahasha ya kaki, maana mwanga huharibu bilirubini, na ifike maabara ndani ya saa moja. Ikiachwa juu ya meza hadi kesho, seli zitapasukia humo na maji yatakuwa ya waridi yasiyo na maana. Mtaalamu wa maabara aizungushe kwenye sentrifyuji, mizunguko zaidi ya 2000 kwa dakika, dakika 5. Kisha amimine maji ya juu kwenye kijaribio kingine, achukue kijaribio cha aina hiyo hiyo chenye maji safi, avishike pamoja mbele ya karatasi nyeupe penye mwanga mzuri. Manjano hata kidogo, aandike manjano. Maabara zenye spektrofotometa, mashine ya kupima rangi, husoma vizuri zaidi kuliko jicho, lakini jicho lenye karatasi nyeupe ni bora mara nyingi kuliko jicho lililotazama chupa haraka dirishani.

Naomba wa maabara mtusamehe kwa maombi tunayoandika "CSF analysis", yaani uchunguzi wa maji ya mgongo, tu. Andikeni: kichwa cha ghafla, saa ya kuanza, saa ya kuchukua, tafadhali angalia umanjano. Asiyeambiwa kinachotafutwa ataona damu na kuandika "sampuli imechanganyika na damu", na hapo mgonjwa amepotea.

Kusoma majibu. Seli nyekundu za chupa ya 4 zikiwa chini ya 2000 kwa mikrolita na hakuna umanjano, damu ya aneurizimu imeondolewa kwa usalama mkubwa. Seli zikishuka kutoka 20,000 hadi 300, sindano ndiyo mshukiwa, ila kushuka tu kutoka 20,000 hadi 12,000 hakumwachii mtu aende. Seli nyeupe zigawanyeni: kwa kila nyekundu 500 hadi 1000 tarajia nyeupe moja. Nyekundu 10,000 zenye nyeupe 15 ni damu tu. Zenye nyeupe 600 kuna ugonjwa mwingine. Umanjano nao una wadanganyifu: mgonjwa mwenye manjano ya macho, protini iliyopanda kupita 1.5 g kwa lita, na anayemeza rifampisini kwa kifua kikuu. Andikeni hayo kwenye fomu.

Picha au maji yakithibitisha, kinachofuata ni picha ya mishipa kwa dawa, na hiyo ifanyike pale ambapo kifuko kinaweza kufungwa au njia yake kupatikana haraka. Sisi kazi yetu ni kumfikisha akiwa hai. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30, chumba kimya, parasetamo gramu 1 kila saa 6. Diklofenaki na aspirini hapana, zinadhoofisha chembe sahani. Tramado ina hatari ya kuchochea degedege. Mpe dawa ya kuzuia kutapika na ya kulainisha choo. Kujikamua ni hatari ya kweli. Presha ya juu ishuke polepole chini ya 160, wala msitoboe kapsuli ya nifedipini chini ya ulimi. Ukiiangusha ghafla unaunyima ubongo damu. Dripu iwe ya chumvi ya kawaida, siyo ya sukari ya asilimia 5, kwa sababu chumvi ya wagonjwa hawa hushuka. Nimodipini ikipatikana, miligramu 60 kwa mdomo kila saa 4, kwa siku 21. Haizuii kupasuka tena, inapunguza madhara ya ubongo kukosa damu siku zinazofuata. Alama za Glasgow kila saa, pamoja na mboni.

Pembeni kidogo: mzee aliyeanguka na baiskeli wiki tatu zilizopita, sasa kichwa kinakuja taratibu na anachanganyikiwa, huyo naye ana damu nje ya ubongo, lakini chini ya utando mgumu. Ni habari nyingine, anahitaji CT na siyo sindano ya mgongo. Nimemtaja ili msimchanganye.

Barua ya rufaa ibebe mambo machache yaliyokamilika: saa ya kuanza, muda wa kufika kileleni, alichokuwa akifanya, kama alipoteza fahamu, Glasgow ya kwanza na ya mwisho, mboni, presha, himoglobini, dawa zilizotolewa na saa zake. Na saa iandikwe kwa namna isiyo na utata. Mgonjwa anaposema "saa 2", mwandishi mmoja anaandika 2:00 na mwingine 8:00. Tofauti ya saa 6 ndiyo hiyo hiyo inayoamua kama CT safi inatosha, na inayotufanya tutoboe mapema au kuchelewa. Andikeni "saa 2 asubuhi" kisha 08:00 kando yake. Wekeni namba ya simu ya aliyeandika.

Gari la wagonjwa likiwa na nafasi ya ndugu mmoja tu, asichaguliwe mwenye hela wala mwenye cheo katika ukoo. Apande yule aliyekuwapo kichwa kilipoanza.